Mzee Asishtushwe

Tangu alipotoka hospitali, Mkaguzi alikuwa haruhusiwi kushtuka.

Redio ilipunguzwa sauti mpaka msomaji wa habari akawa kama mtu anayesengenya. Mlango wa jikoni, ambao kwa miaka mingi ulibamizwa na upepo, ulifungwa kitambaa kwenye kitasa ili ujifunge bila kishindo. Mkewe, aliyezoea kumwita kutoka upande wa pili wa nyumba kwa sauti ya kuvuka mto, sasa alimfuata mpaka alipoketi, akakohoa kidogo kama mgeni anayebisha hodi, ndipo akasema alilokuwa nalo. Hata jirani yao, fundi cherehani, mama mwenye kicheko cha kuangusha vigae, alicheka amejiziba mdomo kila apitapo dirishani kwao.

"Moyo wako sasa ni glasi," mkewe alimwambia. "Daktari kasema usishtushwe."

"Alisema hivyo mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake."

Mkaguzi hakubishana. Aliyemkuta sakafuni siku ile, uso umegeuka rangi ya majivu na soksi moja mguuni, ni huyo huyo mkewe, na mtu aliyekuona ukiwa hivyo ana haki ya kukuwekea masharti. Basi akatulia kama yai kwenye kapu, akanywa supu zisizo na chumvi, akatazama mvua za mwaka ule zikinyesha hadi zikakatika.

Zilipokatika, ndipo masharti yalipoanza kumkereketa. Mvua zikikatika ni wakati wa trela.

Jina lake alilipata kazini. Maisha yake ya kazi aliyamaliza chini ya madaraja, amening'inia kwa kamba na nyundo ndogo mkononi, akigonga chuma na kusikiliza kinavyojibu. Alipostaafu, kazi ile ilikataa kumwacha. Aliihamishia kwenye trela la safari ambalo yeye na kaka yake walilinunua pamoja wakiwa vijana wenye watoto wachanga: nyumba ndogo ya bati jeupe juu ya magurudumu mawili, yenye kitanda, meza ya kukunja, jiko, hita ya gesi kwa siku za baridi, na dirisha kwenye paa. Magari yaliyolikokota yalishakufa moja baada ya jingine, lenyewe bado linadunda. Kaka alipohamia shambani, mwendo wa kutwa nzima kutoka mjini, alimwachia mdogo wake trela kwa sharti moja tu, kwamba kila mwaka amletee alione. Na kila mwaka Mkaguzi alilikagua kuanzia paani hadi kwenye nati za magurudumu, akalifunga nyuma ya gari, akampakia mkewe, wakaenda kukaa kwa Kaka mpaka baridi ipite.

Mkewe aliliita mke mwenza. "Mimi nikiumwa mgongo naambiwa nimeze kidonge," aliwalalamikia majirani. "Mwenzangu beringi zake zikilia kidogo tu, bwana analala chini yake kutwa na kopo la grisi."

Lakini mwaka huu mke mwenza hakuwapo nyumbani. Mkaguzi alipokuwa amelazwa, mkewe alilihamishia kwenye uwanja wa karakana ya Seremala, rafiki yao wa miaka mingi, eti lilikuwa linaziba njia ya kupitishia mgonjwa. Na kila Mkaguzi aliposema anakwenda kulitazama, palitokea jambo. Mara ya kwanza nyuki walikuwa wamevamia uwanja wa Seremala. Nyuki walipohama, mbwa wa Seremala akawa anauma watu. Mbwa alipotulia, Seremala mwenyewe akapata mafua ya kuambukiza.

"Mwaka huu amekuwa na mikosi kweli," Mkaguzi alisema.

"Dunia," mkewe akajibu, akainamia kikombe chake.

"Na Kaka atakuwa anatusubiri."

"Kaka anakusalimu. Anasema upone kwanza."

Kaka hakuwa mtu wa simu. Masikio yake yalikwisha kuzimika, na salamu zake zilikuwa zikipita kwa wake zao, shemeji kwa shemeji. Mkaguzi akaridhika, au alijifanya ameridhika. Asubuhi moja mkewe alipokwenda kung'olewa jino, alivaa kofia, akachukua mkoba wake wa vifaa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Alitembea kama alivyoagizwa, polepole, akipumzika kwenye kila kivuli. Lango la karakana lilikuwa limeegeshwa tu. Seremala alikuwa amekwenda kupachika mlango kwa mteja. Mashine zilikuwa kimya, na mbwa mkali wa kusimuliwa alinyanyua kichwa, akamtazama, akakilaza tena. Nyuma ya mlundo wa mbao, karibu na ukuta, trela lilikuwa limesimama.

Jambo la kwanza aliloliona ni magurudumu. Yalikuwa yamefunikwa kwa vipande vya mbao yasiliwe na jua, na trela lenyewe limeinuliwa juu ya magogo ili uzito usikae kwenye tairi mahali pamoja. Mkaguzi alifurahi, kisha akashangaa. Seremala alikuwa bingwa wa makabati, lakini tairi kwake ni kitu cha kupiga teke. Nani aliyemfundisha kuliinua trela?

Alitoa nyundo ndogo, akagonga fremu toka mbele hadi nyuma. Ilijibu vizuri. Akashika gurudumu kwa mikono miwili, akalitikisa kusikiliza kama beringi zimelegea. Zilikuwa imara. Akachungulia kebo ya breki, akaikuta imepakwa mafuta mapya. Akaegesha ngazi ya Seremala, akapanda kidato kimoja, akapumua, kidato kingine, akapumua, hadi macho yake yakawa sawa na paa. Maji ndiyo adui wa trela, na maji huanzia juu. Kwenye ukingo wa dirisha la paa aliacha ufa mwaka jana, mdogo kama unywele, akijiambia atauziba safari ijayo.

Ufa ulikuwa umezibwa.

Gundi ilikuwa mpya, nyeupe, imelainishwa kwa kidole gumba kilichochovywa kwenye maji ya sabuni. Mwishoni mwake palikuwa na mkia mdogo uliokunjwa kuelekea nyuma ya trela, ili upepo wa barabarani uupite bila kuuinua. Mkaguzi aliutazama mkia ule muda mrefu, vidole vikamfa ganzi kwenye ngazi. Mtindo ule ulikuwa wake. Hakuna fundi aliyemfundisha, aliubuni mwenyewe, na katika maisha yake alimwonyesha mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa binti yake wa pekee, waliyempa jina la Nyundo kwa sababu utotoni alilala na nyundo ya baba yake badala ya mwanasesere. Na Nyundo alikuwa ameolewa, yuko kwake, mji mwingine. Kila Jumapili alipiga simu: hajambo, mumewe hajambo, nyumba nzima salama.

Alishuka akisema moyoni kwamba gundi ni gundi, na vidole gumba viko vingi duniani. Akapapasa juu ya ekseli, mahali pa ufunguo tangu zamani, akaukuta. Akafungua mlango.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa na kukunjwa pembe. Juu ya meza palikuwa na kikombe, chanuo, na kanga iliyokunjwa, ile ambayo yeye na mkewe walimnunulia Nyundo alipoolewa. Gauni la kazi lilining'inia nyuma ya mlango, madoa ya wino kwenye mikono yake. Alipogusa birika, lilikuwa bado na uvuguvugu.

Mkaguzi aliketi ukingoni mwa kitanda. Moyo ulimpiga kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Alisubiri aanguke, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa, kwamba akishtuka ataanguka. Hakuanguka. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, akiangalia viatu vya binti yake vilivyopangwa chini ya meza, visigino vimelika upande mmoja kama vyake mwenyewe.

Na kwa kuwa hakujua afanye nini na mshtuko wake, aliendelea kukagua. Alibonyeza sakafu kwa unyayo, pembe hadi pembe. Akafungua bomba la maji. Akapiga magoti kwenye tundu la hewa la sakafuni, lile la karibu na jiko, akakuta limezibwa kwa mkono wa sweta kuukuu. Alielewa mara moja. Baridi hupandia hapo. Mtu analala peke yake, baridi inamuuma miguu, anaziba.

Akainua macho kwenye hita. Ukutani, juu yake, bati jeupe lilikuwa limeshika weusi mwepesi wa masizi.

Alitoka nje haraka kuliko alivyoruhusiwa, akazunguka hadi lilipotokea bomba la kutolea moshi wa hita, akaingiza waya. Waya ulikwama. Akasukuma, akazungusha, akavuta, na donge la udongo mkavu likamwangukia kiganjani, lina vitundu vitundu, nyigu wawili wakavu ndani yake. Kila mwaka mvua zikinyesha nyigu walijenga humo, na kila mwaka kabla ya safari aliwatoa. Ilikuwa kazi ya mwisho kabisa ya ukaguzi wake, aliifanya wakati wengine wanapakia mizigo. Hakuwahi kumwonyesha mtu. Hakuwahi kudhani kuna haja.

Bomba limezibwa, tundu limezibwa, na hita inawaka usiku kucha. Moshi wake haukuwa na pa kwenda ila kurudi ndani, kwenye pua za mtu aliyelala, na moshi wa namna hiyo hauna harufu. Kazini walipata kuwatoa wafanyakazi wawili katika kibanda cha ulinzi cha darajani, wamelala vizuri, mashuka hadi kidevuni, na hawakuamka tena.

Alikuwa bado amesimama na donge mkononi Nyundo alipoingia uwanjani akitoka kazini kwa mapumziko ya mchana, mkoba begani, kitambaa kichwani, macho yake chini. Alikuwa amekonda. Alimwona baba yake alipokaribia kabisa, akasimama kama aliyegonga kioo.

"Baba."

"Usishtuke," Mkaguzi alimwambia.

"Baba, umefikaje huku? Mama anajua? Kaa chini kwanza, tafadhali, kaa chini…"

"Kichwa kinakuuma?"

Nyundo hakuelewa. "Nini?"

"Asubuhi ukiamka. Kichwa kinakuuma?"

"Kila siku," Nyundo alisema polepole. "Na kichefuchefu. Nikifika kazini napata nafuu. Nilidhani ni kulia."

Mkaguzi alikaa kwenye mlundo wa mbao, akamwonyesha donge la udongo, akajaribu kueleza, lakini sauti ilitoka vipande vipande: nyigu, bomba, moshi, tundu. Nyundo hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Aliliangalia donge, akaliangalia bomba, akamwangalia baba yake. Kisha akaketi kando yake na kumshika mkono, na wote wawili wakawa wanatetemeka, kila mmoja akidhani anayetetemeka ni mwenziwe.

"Jana usiku nilitaka kuamka kunywa maji," Nyundo alisema. "Miguu ilikataa. Nikajiambia ni uchovu, nikalala tena."

Mkaguzi alifumba macho.

"Tangu lini uko hapa?" aliuliza.

"Tangu ulipolazwa. Nilikuja kukuuguza. Niliporudi kwangu kuchukua nguo, nikakuta viatu vya mwanamke mlangoni. Si vyangu. Nikaingia, nikakuta na mapazia yamebadilishwa." Alisema neno mapazia kwa uchungu kuliko alivyosema neno mwanamke. "Sikugombana. Nilichukua begi nikaondoka. Nikapata kazi hapa kwenye kiwanda cha uchapaji."

"Mume wako alinipigia simu juzi kuniuliza hali."

"Mama alimwomba apige. Ili usishtuke."

"Na wewe, simu zako za Jumapili?"

"Nilipigia hapa, baba. Nimekaa kwenye hicho kitanda."

Lango liligongwa kwa nguvu, na mkewe akaingia karibu kukimbia, shavu moja limevimba kwa jino lililong'olewa, Seremala nyuma yake na msumeno bado mkononi. Alikuwa amefika nyumbani akakuta kiti kitupu. Alipowaona baba na binti wameketi pamoja, alisimama akaziba mdomo kwa kiganja.

"Yuko mzima," Seremala alinong'ona. "Shemeji, ona, yuko mzima."

"Nyuki wako wapi?" Mkaguzi alimwuliza.

Seremala alitazama msumeno wake. "Waliondoka," alisema.

"Na mafua?"

"Nisamehe, ndugu yangu. Mkeo alinishika mkono akalia. Ningefanyaje?"

Mkaguzi alimgeukia mkewe. Alikuwa na maneno mengi, yamejipanga kama watu kwenye foleni, lakini lililotangulia lilikuwa dogo. "Mwanangu anafukuzwa kwake, analala nyuma ya mbao kama paka, mimi nakunywa supu."

"Nilikukuta sakafuni," mkewe alisema. Ganzi ya sindano ilimfanya akokote maneno. "Wewe hukujiona. Mimi nilikuona. Nilisema kama ni kubeba, nitabeba mimi, ilimradi usirudi pale chini."

"Angekufa humu. Usiku wowote angekufa humu. Mmenificha trela ili moyo wangu usisimame, na trela ndilo lilikuwa linamuua."

Alimwekea donge la nyigu kiganjani. Nyundo akamweleza mama yake taratibu, na kadiri alivyoeleza ndivyo mama alivyozidi kupungukiwa na rangi, hadi Seremala akatupa msumeno na kumshika kiwiko. Hakulia. Alilishika donge lile kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kumwagika.

Walikwenda hospitali wote wanne kwa gari la Seremala, wamekaa juu ya maranda. Daktari wa zamu alimpima Nyundo damu, akamvalisha barakoa ya hewa safi, akasema alibakiza kidogo tu achelewe kabisa. Apumzike hapo mpaka jioni. Kisha akaja daktari wa moyo, yule yule aliyemtibu Mkaguzi, akamsikiliza kifua kwa makini, mbele na nyuma.

"Umefanya kazi gani leo, mzee?"

"Nimepanda ngazi. Halafu nimeshtushwa."

"Moyo unakwenda vizuri."

"Si ulisema nisishtushwe?"

Daktari alimtazama mke wa Mkaguzi, kisha Mkaguzi. "Nilisema usibebe vitu vizito, upunguze chumvi, utembee kila siku. Nikasema wasikupe wasiwasi pasipo sababu." Alifikiri. "Ndiyo. Nadhani nilisema pasipo sababu."

Mkewe aliinamisha kichwa. Mkaguzi angeweza kucheka hapo, na Seremala alianza kucheka akaacha. Lakini neno la daktari lilikuwa limemkaa vibaya. Walipotoka kumsubiri Nyundo kwenye benchi la ukumbi, Seremala akaenda kutafuta maji ya kunywa, nao wakabaki wawili.

"Kuna kingine?" Mkaguzi aliuliza.

Aliuliza kama mtu anayefunga mjadala. Kazini ndivyo alivyouliza mafundi wake baada ya kila daraja, na jibu siku zote lilikuwa hapana. Mkewe hakusema hapana. Alivuta ncha ya kanga yake, akaikunja, akaikunjua.

"Sema."

"Kaka," mkewe alisema.

Mhudumu alipita na kitoroli cha mashuka, gurudumu moja likilia. Walisubiri apite.

"Lini?"

"Ulipokuwa bado una mipira puani. Alilala mchana, hakuamka. Hakuteseka. Nilikuaga nakwenda kwa shangazi, unakumbuka? Nilikwenda kumzika."

"Ulisema anasema nipone kwanza."

"Shemeji ndiye alisema. Alisema upone kwanza, ndipo uambiwe. Kisha ukapona kidogo, nikasema upone zaidi. Kisha kila siku ikawa ngumu kuliko ya jana."

Mkaguzi alitazama ukuta wa mbele, uliopakwa rangi ya kijani nusu na nyeupe nusu. Alikuwa amekaa miezi yote hii akimtumia marehemu salamu. Alikuwa amemwekea kofia mpya kwenye droo.

"Aliyesimama mahali pangu ni nani?"

"Nyundo. Wakwe na wajomba walisema haifai, mtoto wa kike. Akasema baba yangu angekuwa hapa, na mimi ni mkono wake. Akatupa udongo wa kwanza."

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama anayekubaliana na bei. Kisha akavua kofia yake, akaiweka juu ya goti, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika. Mkewe alinyoosha mkono. Mkaguzi hakuuondoa, lakini hakuushika.

Nyundo alirudi nyumbani jioni ile, nalo trela likamfuata keshoye, likavutwa na gari la Seremala hadi uani. Kwa siku nyingi zilizofuata Mkaguzi aliongea na mkewe maneno ya nyumbani tu: maji yamechemka, mlango umefungwa, asante. Hakuwa akimwadhibu. Hakujua aanzie wapi. Wenzake wote walikwisha kulia, wakanawa uso, wakaendelea na maisha; yeye peke yake ndiye aliyefiwa jana. Alipomtaja Kaka, watu walisema "Mungu amrehemu" kwa wepesi, kama watu wanaozungumzia mvua ya mwaka jana, na maneno yake yakabaki hewani hayana wa kuyapokea.

Mkewe aliliona hilo kabla hajaambiwa. Asubuhi moja Mkaguzi alitoka uani akakuta viti vimepangwa ukutani, na mikeka imetandikwa. Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kuingia, kichwa amejifunika, hacheki. Alimshika Mkaguzi mikono miwili.

"Pole kwa msiba wa kaka yako," alisema.

Nyuma yake walikuja majirani wengine, na wenzake wa zamani wa madarajani, wawili wakitembelea fimbo, na Seremala na mkewe. Mmoja mmoja walimpa pole kana kwamba habari imefika asubuhi ile, wakaketi, wakamwuliza Kaka alikuwa mtu wa namna gani. Mke wa Mkaguzi alikuwa amezunguka nyumba hadi nyumba akiwaomba waje. Alikuwa amewaambia kosa ni lake, msiba huu aliuficha, na mwenye msiba hajapata mtu wa kulia naye. Mkaguzi alizungumza hadi jua likageuka. Alisimulia jinsi walivyolinunua trela na kulivuta siku ya kwanza bila kujua kwamba breki za nyuma hazifanyi kazi, na jinsi Kaka alivyokuwa akikimbia kando yake na gogo la kutupa mbele ya gurudumu. Watu walicheka, naye akacheka nao, akalia, na safari hii walikuwapo wa kulia naye.

Usiku alipokwenda kulala alimkuta mkewe ameketi kitandani, ana hofu kama mwanafunzi anayesubiri majibu.

"Usinifiche tena," Mkaguzi alimwambia. "Hata kama ni kifo changu mwenyewe."

"Sitakuficha."

"Basi sogea, unakalia shuka langu."

Nyundo hakurudi kwenye chumba chake cha zamani. Alisema kimejaa mashine ya kushonea ya mama, na kwamba trela amelizoea. Baba hakumkatalia. Alitoa mkono wa sweta kwenye tundu la sakafu, akaweka wavu wa chuma kwenye mdomo wa bomba nyigu wasiingie, akamwonyesha namna ya kuufungua na kuusafisha. Akamwita na mkewe pia, akamwonyesha yeye kwa mara ya kwanza tangu waoane, naye akapiga magoti kwenye nyasi, akachungulia bombani, akauliza maswali ya maana zaidi kuliko alivyotarajiwa. Na kila asubuhi Nyundo alipotoka kwenda kiwandani, baba yake alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni.

"Kichwa?"

"Hakiumi."

Barua ya kuachana na mumewe ilipokuja, aliisoma mbele ya wazazi wake wote wawili. Mkaguzi aliketi wima akaisikiliza hadi mwisho, mkewe akimtazama kifua. Kisha akaomba chai.

Kabla baridi haijaisha walisafiri. Nyundo aliendesha. Walikagua trela watatu, kila mmoja na upande wake, wakabishana kuhusu upepo wa tairi, na mkewe akashinda kwa sababu ndiye aliyekuwa na kipimo mkononi. Walifika shambani alasiri, vumbi limewatangulia, na mke wa Kaka akatoka nyumbani akifuta mikono kwenye nguo yake. Alipoona trela alisimama. Alipomwona shemeji yake anashuka kwenye gari, uso ulimbadilika, akamtazama mke wa Mkaguzi kwa hofu.

"Anajua," mke wa Mkaguzi akasema upesi. "Nimemwambia mwenyewe."

Mke wa Kaka alishusha pumzi aliyoizuia miezi mingi, akaja akamkumbatia Mkaguzi, na walipoachana alikuwa amelowa mashavu.

"Alikuuliza," alisema. "Asubuhi ya siku ile. Aliuliza kama mvua zimekatika huko kwenu."

Akamshika mkono, wakaanza kushuka pamoja kwenye njia ya kaburini, nyuma ya zizi, yeye mbele hatua moja, akimwonyesha mawe ya kukwepa. Nyundo aliwafuata na kofia mpya mkononi. Mke wa Mkaguzi alibaki nyuma kidogo, akaokota magogo mawili, akayasukuma kwa mguu chini ya magurudumu ya trela hadi yakakaza, akalitikisa kuhakikisha halisogei, kisha akawakimbilia.